Lamu si Shela tu: Pori lake lina wenyewe

Muulize kijana wa Nairobi aliyerudi likizo Lamu ameona nini. Majibu unayajua: punda, vichochoro vya Mji wa Kale, mchanga wa Shela, jua likizama nyuma ya tanga la mashua. Simu imejaa picha. Sasa muulize kuhusu Kiunga, Dodori au Boni. Huenda akadhani ni majina ya hoteli.

Hizo ni hifadhi tatu za taifa. Boni na Dodori zilitangazwa mwaka 1976, na Kiunga, ambayo ni ya baharini, ikafuata 1979. Dodori iko Lamu bara. Boni imepakana nayo upande wa Garissa. Kiunga nayo inaambaa na pwani kuelekea mpaka wa Somalia, ikiwa na vijisiwa vya mawe takriban 50, matumbawe, nyasi za bahari na fuo ambako kasa hupanda kutaga mayai. Ongeza na hili: zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu.

Utajiri wote huo, mbona hatuusikii? Jibu fupi ni usalama. Septemba 2011, mtalii Mwingereza aliuawa Kiwayu na mkewe akatekwa nyara. Mwezi uliofuata, mwanamke Mfaransa akatekwa Manda. Juni 2014 kukatokea mauaji ya Mpeketoni, na Septemba 2015 serikali ikaanzisha Operesheni Linda Boni kuwasaka Al-Shabaab msituni. Tangu hapo, kwa mgeni wa kawaida, Lamu imebaki kisiwa kimoja na majirani zake wa karibu.

Lakini hebu tusidanganyane kwamba ng'ambo ya pili ni pori tupu. Msitu ule ni nyumbani kwa Waboni, au Aweer wanavyojiita, ambao kwa vizazi wameishi kwa asali, matunda, mizizi na dawa za miti. Operesheni ilipoanza, kuingia msituni kukawa shida, na shule kadhaa za Basuba zikafungwa kwa hofu ya mashambulizi. Wewe ulikosa safari. Mtoto wa Basuba alikosa darasa.

Baharini ni vivyo hivyo. Wavuvi Wabajuni walikuwa Kiunga kabla ya ramani ya hifadhi kuchorwa. Ndiyo maana tofauti ya maneno ni muhimu. Katika mbuga ya taifa kama Tsavo, watu hawaruhusiwi kuishi wala kuvuna. Katika hifadhi ya taifa kama Kiunga, wenyeji wanaweza kuendelea na baadhi ya shughuli zao, mradi wafuate kanuni. Kwa hivyo ukiona mshipi, dema au ngalawa ndani ya hifadhi, usikimbilie kupiga kelele mtandaoni kwamba “mazingira yanaharibiwa.” Pengine ndiye mwenyewe yuko kazini.

Tishio kubwa zaidi halikuja na ngalawa. Gati la kwanza la Bandari ya Lamu lilizinduliwa Mei 2021, baada ya miaka ya kuchimba na kuzamisha kina katika maji ambayo wavuvi waliyategemea. Mwaka 2018, Mahakama Kuu iliamuru zaidi ya wavuvi 4,600 walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni. Mwaka uliofuata, Jopo la Kitaifa la Mazingira (NET) lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Lamu. Kesi zote mbili zilipiganwa na wakazi wenyewe. Hawakusubiri mtalii aje kuwatetea.

Wewe unaingilia wapi? Kwanza, fahamu kwamba utalii nao una madhara yake. Vile vilima vya mchanga vya Shela unavyovipanda kupiga selfi ndivyo vinavyochuja na kuhifadhi maji matamu ya mji wa Lamu, na mizozo ya ardhi juu yake imedumu miaka mingi. Kila nyumba ya wageni inayojipenyeza huko inakaa juu ya tangi la maji la watu.

Pili, pesa yako ina kura. Ukitaka kuona mikoko, kodi mashua ya nahodha wa hapo hapo, wala si kifurushi kilicholipiwa chote Nairobi. Muulize maji yanajaa saa ngapi. Mkondo wa Mkanda kati ya Manda na bara hupitika vizuri maji yakijaa. Kama unatamani kwenda mbali zaidi, kaskazi ina bahari tulivu kuliko kusi. Kabla ya kufikiria Kiwayu au Kiunga, uliza Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) na wenyeji kuhusu usalama wa wiki hiyo. Wakikwambia usiende, tulia. Huko si mahali pa kujaribu ushujaa kwa ajili ya video ya sekunde 30.

Ukibahatika kukuta kasa anataga, zima taa ya simu na umkae mbali. Ukiuziwa pambo la gamba la ng'amba, kataa. Chupa uliyokwenda nayo rudi nayo: Lamu ndiko ilikotengenezwa Flipflopi, jahazi la taka za plastiki na ndara kuukuu lililosafiri hadi Zanzibar mwaka 2019, na mali ghafi yake haijaisha ufuoni.

Kasa na mikoko hawapigi kura, na Waboni ni wachache mno kutikisa uchaguzi. Bajeti ya usalama, barabara na bandari inapojadiliwa Nairobi, anayesikika ni mwenye watu wengi wanaomjua. Kwa hiyo ukirudi, pamoja na zile picha za punda, waambie wenzako kwamba kuna mahali panaitwa Basuba, na uwaeleze ni kina nani wanaoishi huko.