Tusafishe ploti sisi, halafu kodi ipande?

Panda matatu ya 46 kutoka mjini. Ukishapita Yaya na Valley Arcade, ukashika Gitanga Road, utaona vile Lavington imepangwa: ua umekatwa sawasawa, geti lina soja, taa zinawaka. Dakika chache mbele unashuka Congo, na mtaro uko pale umejaa karatasi, maganda na maji ya dobi. Kumbuka Kilimani, Kileleshwa, Gatina, Kabiro na Kawangware ni wadi za eneo bunge moja, Dagoretti Kaskazini. Mbunge ni mmoja, gavana ni mmoja.

Ukiuliza wasee wa mtaa tofauti ni nini, watakujibu pesa. Sawa, pesa ipo. Lakini wale wenzetu pia wana vyama vya wakaazi, na wanavitumia. Chama cha wakaazi wa Karen na Lang'ata, kile watu wanaita Karengata, kiko tangu 1940. Miaka ya tisini kiliburuta Baraza la Jiji kortini kwa sababu watu walikuwa wanalipa reti na huduma hawazioni. Hebu fikiria nguvu hiyo. Mtu anaambia serikali ya jiji: pesa yangu utaiona nikiona kazi.

Sasa kuna watu wazuri wanataka kuchukua mfano huo na kuuleta Kawangware jinsi ulivyo. Tuweke geti, tupake rangi, tupande maua, tuchange ya mlinzi. Mimi nasema ngojeni kidogo. Chama cha Karen ni cha wenye nyumba. Ukipendeza mtaa, nyumba yako inapanda bei, na faida inabaki kwa mfuko wako. Huku kwetu mwenye ploti mara nyingi haishi hapa. Anaishi Kikuyu au Rongai, wengine wako ng'ambo, na mtaro wetu unamfikia kama picha ya WhatsApp kutoka kwa keateka. Wanaoishi hapa ni wapangaji. Kwa hivyo chama cha wakaazi huku lazima kiwe cha wapangaji, na kitu cha kwanza cha kuongea si rangi ya ukuta. Ni kodi.

Nitawaambia kwa nini. Ploti moja niliyoishi Gatina, tulichanga tukanunua balbu za nje, tukafunika mtaro kwa slabu, tukapanga zamu ya kuosha choo. Ilikubali. Wamama walianza kuanika nguo bila kuzilinda, na watoto walicheza hadi giza likiingia. Miezi michache baadaye keateka akaleta karatasi: kodi imepanda mia tano, sababu ni "maboresho". Maboresho ya nani? Watu wawili walihama mwezi huo huo, na mmoja wao ndiye alikuwa amebeba zile slabu kwa mkokoteni.

Usifikirie sheria itakuokoa hapo. Sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, inalinda nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Tafuta single ya mawe yenye stima na maji Kawangware kwa bei hiyo, ukiipata niite. Kwa hivyo makubaliano ni ya kujitengenezea. Karatasi moja tu: sisi tutafanya hiki na hiki, wewe utanunua vifaa, na kodi haitapanda kwa miaka miwili. Aweke sahihi, kila mtu abaki na kopi.

Atakubali kwa nini? Piga hesabu naye. Tuseme chumba ni 4,500. Akiongeza mia tano na mpangaji ahame, chumba kikikaa wazi mwezi mmoja tu, atahitaji miezi tisa ya ile mia tano kurudisha alichopoteza. (Niliacha chuo mwaka wa pili lakini hii hesabu sikuiacha huko.) Landilodi mwenye akili anajua mpangaji anayelipa kwa wakati na kuosha choo bila kusukumwa ni mali. Shida ni kwamba hakuna mtu huenda kumwambia hivyo akiwa na wenzake kumi na tano nyuma yake. Tunaenda mmoja mmoja, tukiomba tuongezewe siku.

Na tafadhali, mambo haya yafanywe ploti kwa ploti, si kwa mikutano ya wanasiasa. Kibra wanajua. Mwishoni mwa 2001, Rais Moi alisema hadharani kwamba kodi za kule ziko juu na zipunguzwe. Wapangaji wakashikilia neno hilo, wenye nyumba wakakataa, na kufikia Desemba watu walikuwa wanauana. Kodi ikageuka kabila kwa siku chache. Waliosema maneno jukwaani walirudi kwao wakalala salama.

Upande wa usalama ndio unaniogopesha zaidi, kwa sababu hapo ndipo vyama vingi huharibika. Vijana watano wanaanza kuzunguka usiku, wanakusanya ya "ulinzi" mlango kwa mlango, na ukikosa kulipa, wiki hiyo ndiyo televisheni yako inapotea. Hakuna aliyewachagua. Tena tuna kumbukumbu zetu hapa. Baada ya uchaguzi wa marudio wa Oktoba 26, 2017, makundi ya vijana yalikabiliana hapa hapa Kawangware kwa mapanga na mawe, jirani dhidi ya jirani. Kundi la kulinda mtaa likiwa la lugha moja, siku ya siasa linajua kwa kwenda.

Serikali ilituletea Nyumba Kumi baada ya shambulio la Westgate mwaka 2013, wazo lililotoka Tanzania ambako balozi wa nyumba kumi amekuwepo tangu miaka ya sitini. Si baya. Lakini huku limebaki sana kuwa njia ya kumpelekea chifu habari za watu. Mimi nataka jirani ajue jina langu kabla hajajua nambari ya chifu. Taa nje ya kila mlango, kamati yenye wamama na watu wa kila upande, na hesabu ya mchango iandikwe kwa karatasi ibandikwe ukutani kando ya geti, hadi bei ya balbu. Pesa ikianza kuenda kwa simu ya mtu mmoja bila karatasi, wacheni kuchanga siku hiyo.

Dandora wameonyesha inawezekana. Kule nyumba zilijengwa zikizunguka kiwanja, na vijana wa kundi la Mustard Seed walianza na kiwanja chao tu: wakazoa taka, wakapanda nyasi, wakapaka rangi. Majirani wakaona, wakaanza kushindana kiwanja kwa kiwanja. Hawakungoja mtaa mzima ukubaliane.

Hata karatasi za serikali si ngumu vile. Sheria ya usajili wa makundi ya jamii ya 2022 inataka watu kumi. Ploti ya vyumba ishirini ina watu kumi kabla hujagonga mlango wa saba. Mkiwa na cheti mnafungua akaunti ya benki, na mkiandikia kaunti kuhusu mtaro, mnaandika kama kundi.

Kinachotumaliza sisi vijana ni lile neno letu: "Mimi hapa ni wa kupita tu." Nina rafiki amekuwa wa kupita Kabiro tangu amalize kidato cha nne. Sasa ana mtoto nasari, na bado hajui jirani wa mlango wa tatu anaitwa nani.

Mkikaa Jumapili hii, kaeni kwenye ploti, si kwa WhatsApp. Keateka akija kusikiliza mpeni kiti na chai. Mambo ya geti na maua yangoje. Barua ya landilodi iandikwe kwanza, na kila mpangaji aweke sahihi kabla ya kutoa hata shilingi ya balbu.