Besi bomba, bati linalia!

Leo nazungumza na nyinyi mliofunga sabufa kwenye buti. Ndiyo, nyinyi ambao mkikata kona tu pale Kinondoni, mtaa mzima unajua mmefika.

Hebu nikuulize kitu, lakini usinune. Unajua sisi tulioko nje tunasikia nini? Wewe umejiegemeza kwenye siti, besi inakukanda mgongo, unajiona mfalme. Sisi huku barabarani tunasikia kibao cha namba kinapiga makofi, mfuniko wa buti unalia kama debe, na plastiki za ndani zinachakarika utafikiri umebeba sufuria za shughuli. Ngoma yenyewe haisikiki. Waliosema debe tupu haliachi kuvuma waliona mbali.

Kinachosikitisha ni dawa wanayotumia masela wengi. Akisikia muziki haueleweki, anakimbilia dukani kuongeza amplifaya. Mshiko wote unaishia huko! Sasa sikiliza: ukitoka wati 500 ukaenda wati 1,000, umeongeza desibeli 3 tu. Ili sikio lisikie sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Wakati huohuo kila wati unayoongeza inatikisa bati zaidi. Kwa hiyo unanunua kelele, hununui muziki. Kabla hujaongeza hata wati moja, nyamazisha gari kwanza.

Kwa nini linalia? Bati la mlango au la buti halifiki hata unene wa milimita 1. Kila bati lina mtikiso wake wa asili. Besi ikipiga mahali penyewe, bati linaitikia na kuanza kucheza lenyewe, na chochote kilicholegea jirani yake kinagonga. Ndiyo maana wimbo mmoja gari kimya, wimbo mwingine balaa tupu.

Kazi ya kwanza haina gharama. Toa vitu. Jeki, spana, chupa za maji, sarafu kwenye kisahani cha majivu, vyote nje au vifungwe kwenye kitambaa. Tairi la spea likazwe. Vichwa vya mikanda ya siti za nyuma navyo vinapenda kugonga plastiki, viangalie.

Kazi ya pili ni upelelezi. Mwite mshikaji mmoja, mwende mahali pa wazi mchana. Simu ina programu za kutoa mlio wa besi mtupu. Anza hezi 20, panda taratibu mpaka 100. Mmoja anashika sauti, mwingine anazunguka gari akikandamiza kwa kiganja: buti, kibao cha namba, taa ya breki ya kioo cha nyuma, ubao wa nyuma ya siti, milango. Ukikandamiza mahali kelele ikakatika, umemkamata mwizi wako. Bandika kipande cha gundi ya karatasi kama alama, endelea na mwingine. Msijisahau lakini, injini ikiwa imezimwa betri inakwisha.

Kazi ya tatu ndiyo tiba. Kibao cha namba mara nyingi kimeshikwa na skrubu mbili tu, kwingine kinapepea. Bandika sponji ngumu nyuma yake kwenye pembe nne, kimya. Mfuniko wa buti kwenye saluni nyingi unakaa juu ya vijipira unavyoweza kuvizungusha vikapanda kidogo, buti likafunga kwa kubana. Klipu za plastiki zilizovunjika badilisha. Plastiki inaposuguana na bati weka kitambaa kizito au sponji nyembamba, na nyaya zinazoning'inia zifunge.

Kwa bati lenyewe, kuna karatasi nzito za mpira, upande mmoja gundi na upande wa pili alumini. Usidanganywe kwamba lazima ufunike gari zima. Katikati ya bati kubwa, robo mpaka nusu ya eneo lake, inatosha kulituliza. Safisha kwanza kwa spiriti, vumbi na mafuta viishe, kisha bandika na ukandamize kwa nguvu mpaka hewa yote itoke. Na wale wa njia ya mkato wanaobandika lami ya paa, poleni. Jua la Dar likiwaka lami inalainika, gari linanuka kama barabara mpya.

Tahadhari mbili. Usizibe vitundu vya chini vya mlango, maji ya mvua yanatokea hapo, ukiziba kutu inakula. Na usiguse nguzo za pembeni kama gari lako lina mifuko ya hewa humo. Hapo mwachie fundi anayejua.

Halafu boksi. Liwe MDF ya milimita 18, viungo vyote vimepigwa gundi, hewa isivuje. Lifungwe imara kwenye gari. Hili si suala la kelele peke yake: ukigonga kitu, boksi la kilo 20 na ushee linakufuata shingoni. Kabla ya kutoboa sakafu, chungulia chini. Tangi na bomba za mafuta ziko huko!

Mwisho rudi kwenye amplifaya. Sabufa iishie kama hezi 80, zaidi ya hapo waachie spika za mlangoni. Kitufe cha kuongeza besi kirudishe sifuri. Kile cha geni si cha sauti, kazi yake ni kulinganisha amplifaya na redio, usikipeleke mpaka mwisho kwa kutafuta sifa.

Na masikio je? Wataalamu wa afya wanasema desibeli 85 mwisho saa 8 kwa siku, na kila ukiongeza 3, muda unapungua nusu. Fikia 100 na una robo saa tu. Sikio likishakufa halina spea Gerezani, ndugu yangu. Majirani nao wana haki ya kulala, na kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015 ziko upande wao.

Kwa hiyo wikiendi hii, kabla hujapeleka mshahara dukani, nunua sponji na gundi. Gari likinyamaza, utashangaa sabufa yako hiyohiyo ilikuwa bab'kubwa siku zote.

Haya, tukutane wiki ijayo. Kaeni poa!