Mheshimiwa Rais, Msasa wa Kitambulisho Uondolewe na Huku Pwani

Februari 2025, Rais William Ruto alisimama Wajir akatia saini tangazo la kuondoa msasa wa ziada kwa wakaazi wa kaunti za mpakani wanaoomba kitambulisho cha taifa. Kwa ndugu zetu wa Kaskazini Mashariki ilikuwa siku kubwa. Kwa miongo mingi kijana wa huko hakupata kitambulisho mpaka akae mbele ya kamati ya wazee, chifu na watu wa usalama, aulizwe ukoo wake mpaka babu wa babu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: katika hilo Rais alifanya jambo ambalo waliomtangulia walilikwepa.

Lakini tangazo lile lilikuwa la mipakani. Sisi wa Mombasa, Malindi na miji mingine ya mwambao mpaka wetu ni bahari, na msasa tunaujua vizuri. Ndiyo maana naandika. Sina nia ya kulalamika kwa kulalamika. Nataka kueleza kwa nini suala hili la Pwani lina mizizi yake mbali na lile la Kaskazini, na kwa nini tangazo la jukwaani peke yake halitalimaliza.

Tuanze na historia, kwa sababu afisa anayemuuliza Mswahili "wewe asili yako wapi?" hakulitunga swali hilo yeye. Alilirithi. Wakoloni Waingereza waliwagawa watu wa mwambao katika mafungu mawili: wenyeji, na wasiokuwa wenyeji. Mwarabu aliwekwa upande wa pili na akapata nafuu katika kodi na uwakilishi. Mwafrika aliwekwa upande wa kwanza, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia akalazimishwa kuvaa kipande shingoni. Mswahili hakuwa na fungu. Leo alihesabiwa huku, kesho kule, kwa kutegemea serikali ilitaka nini kwake siku hiyo. Wazee wa Thenashara Taifa wa Mombasa walitumia miaka mingi wakiandika malalamiko kuhusu jambo hilo. Na si ajabu kwamba mpaka leo wazee wetu wengi hawasemi kitambulisho. Husema kipande.

Haki inataka tuseme na upande wa pili. Mpangilio ule wa rangi haukumdhulumu Mswahili peke yake. Chini ya sheria ya hati za ardhi ya 1908, waliokuwa na makaratasi au waliojua njia za mahakama walijipatia mashamba ya mwambao, na Wamijikenda wengi wakageuzwa maskwota katika ardhi waliyokuwa wakiilima. Vizazi vya waliotumikishwa utumwani waliachwa bila ardhi na bila jina. Baadhi ya familia zetu zilinufaika na hayo. Tukidai haki ya uraia huku tukiyaficha hayo, hatutasikilizwa, na hatutastahili kusikilizwa. Dhuluma ya kihistoria ya Pwani ni moja. Ila kila mtu aliipata kwa sura yake.

Kisha ukaja uhuru. Oktoba 1963, kabla bendera haijapandishwa, ukanda wa maili kumi uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar uliunganishwa na Kenya kwa makubaliano ya maandishi. Mzee Jomo Kenyatta aliahidi uhuru wa dini, mahakama za Kadhi na kuheshimiwa kwa hati za ardhi. Watu wa ukanda huo hawakuja Kenya kama wageni wanaoomba hifadhi. Kenya iliwajia walipo, na nyumba zao, makaburi yao na misikiti yao. Misikiti mingine ya Lamu na Mombasa ilijengwa karne nyingi kabla neno Kenya halijakuwa jina la nchi.

Hata hivyo, katika siasa za baada ya uhuru, uraia wetu umekuwa kitu cha kutiliwa shaka kila upepo unapobadilika. Mwaka 1989 Wakenya Wasomali walipangwa foleni wachujwe na kupewa kadi za pekee. Miaka michache baadaye ikawa zamu ya Mombasa. Sheikh Khalid Balala, aliyevuma kwa siasa za chama cha IPK ambacho serikali ilikataa kukisajili, alikwama Ujerumani kwa sababu serikali ilikataa kumpa pasipoti mpya, ikidai si raia wa Kenya. Alirudi nyumbani 1997. Mtu anaweza kumkubali Sheikh Balala au kumkataa. Lakini mwanasiasa wa bara akiikosoa serikali hupelekwa mahakamani. Ni nadra kusikia anaambiwa si Mkenya. Adhabu hiyo mara nyingi imewaangukia watu wa asili fulani.

Leo msasa hauna kelele hizo. Unafanyika kwenye dawati, kwa sauti ya chini. Mpwa wangu alipotimiza miaka 18 alikwenda kujisajili na cheti chake cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi wake wote wawili. Aliambiwa arudi na cheti cha kuzaliwa cha babu. Babu yake alizaliwa nyumbani, kwa mkunga, wakati ambapo vyeti havikuwa vikitolewa kwa kila mtoto. Rafiki yake, waliosoma darasa moja na ambaye jina lake halina "bin" wala "Sheikh", alitoka na stakabadhi siku hiyo hiyo. Mpwa wangu alisubiri miezi. Muda huo hakuweza kufungua akaunti ya benki, kusajili laini ya simu kwa jina lake, wala kuomba kazi iliyokuwa imetangazwa bandarini. Hakupewa barua ya kukataliwa. Aliambiwa tu "ngoja".

Neno hilo "ngoja" ndilo tatizo lenyewe. Katiba ya 2010, kifungu cha 14, inasema mtu ni raia kwa kuzaliwa iwapo mama au baba yake ni raia. Haikutaja babu. Kifungu cha 12 kinampa kila raia haki ya pasipoti na hati za usajili. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi wa rangi, dini, kabila au asili. Na kifungu cha 47 kinasema mtu akinyimwa haki yake na ofisi ya serikali, ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Afisa anayesema "ngoja" anavikwepa vifungu vyote hivyo kwa neno moja, kwa sababu asiyekataliwa hana cha kukatia rufaa.

Mlango anaopitia uko ndani ya sheria ya zamani. Sheria ya Usajili wa Watu, Sura ya 107, inampa msajili uwezo wa kudai ushahidi wa ziada, na inataka daftari la usajili lionyeshe kabila au rangi ambayo mtu amejitaja. Hapo ndipo Mswahili anapokwama. Akisema Mswahili, anaambiwa hilo si kabila, ni lugha. Akisema Mwarabu, anaulizwa Arabuni kwao ni wapi. Akisema Mbajuni, anashukiwa kuwa ametoka ng'ambo ya mpaka wa Somalia. Wengi huchagua jina litakalowapunguzia maswali. Sensa ya 2009 ilihesabu Waswahili takribani 110,000. Ile ya 2019 ikahesabu takribani 56,000. Nusu yetu hatukufa katika miaka 10. Zipo sababu za namna makundi yanavyopangwa katika sensa, lakini naamini pia wapo waliochoka kuulizwa.

Najua hoja ya usalama. Mipaka yetu ina mashimo, mashambulizi ya kigaidi yameua Wakenya wengi, na wapo wageni walionunua vitambulisho vya Kenya. Hayo ni kweli. Lakini kitambulisho cha kununua kinauzwa na afisa mla rushwa, na mwenye pesa haketi mbele ya kamati ya wazee. Anayeketi pale ni mtoto wa mvuvi. Msasa wa asili haumzuii mhalifu. Unachofanya ni kumfundisha kijana mwema kwamba nchi yake haimwamini, na kijana wa namna hiyo ndiye wanaowinda watu wenye nia mbaya. Kwa hiyo hata kwa hesabu ya usalama peke yake, msasa huu unaleta hasara.

Najua pia kwamba ikiwepo nia, serikali inaweza. Wamakonde wa Kwale, walioletwa kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, walitembea kwa miguu kwenda Nairobi mwaka 2016, na Rais Uhuru Kenyatta akaamuru waandikishwe. Wapemba walitambuliwa rasmi na Rais Ruto mwenyewe mwaka 2023, baada ya kuvua samaki katika maji haya kwa vizazi bila karatasi yoyote. Tunashukuru. Lakini tazama mtindo wake: kila jamii inangoja rais aje na kipaza sauti aitangaze kuwa kabila la 43 au la 44. Uraia ukawa zawadi ya mtu, na zawadi yaweza kuchukuliwa na atakayefuata.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Rais, haya ndiyo tunayoyaomba.

Kwanza, kuondolewa kwa msasa wa ziada kuwe kwa nchi nzima, na kuandikwe katika kanuni zilizopitishwa na Bunge. Kijana mwenye cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi mmoja aandikishwe, awe wa Kibokoni, Kiambu au Kizingitini.

Pili, Bunge liombwe kuondoa kabila na rangi katika Sura ya 107. Anayetaka kujitambulisha kuwa Mswahili ajitambulishe kwa fahari katika sensa. Dawati la kitambulisho si mahali pake.

Tatu, kila anayekataliwa au kucheleweshwa apewe sababu kwa maandishi ndani ya siku zilizowekwa, na serikali ichapishe kila mwaka ni wangapi walioomba na wangapi waliopata, kaunti kwa kaunti. Tukiambiwa hakuna ubaguzi, hesabu hizo zitatuonyesha.

Nne, ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano. Ilikabidhiwa Ikulu Mei 2013, na Pwani imetajwa humo miongoni mwa maeneo yaliyotengwa na kunyimwa maendeleo. Machi 2015 Rais Kenyatta aliomba radhi kwa niaba ya serikali na kuahidi mfuko wa shilingi bilioni 10. Radhi tuliisikia. Mapendekezo ya ripoti mengi yamebaki kabatini. Yatolewe, na yaanze kutekelezwa kwa ardhi na uraia pamoja, ili skwota wa Kilifi na Mswahili wa Mji wa Kale wasigeuzwe washindani.

Wazee wetu husema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu wa mwambao wamelima, wamevua, wamejenga miji na wameipa nchi hii lugha ambayo Katiba inaiita lugha ya taifa. Uchaguzi wa 2027 unakaribia, na wanasiasa watakuja tena kutuomba kura kwa Kiswahili kitamu. Kura hupigwa kwa kitambulisho. Kabla hamjatuomba hiyo ya kwanza, tupeni hicho cha pili.