Nani Amwigize Mangungo? Zoezi la Filamu Isiyokuwapo katika Kufundisha Historia

Wakufunzi wenzetu kadhaa wametuuliza, wengine kwa mzaha na wengine kwa kukereka, ni jambo gani linalofanyika katika darasa letu la mbinu za kufundishia Historia hata wanachuo wakasikika wakibishana mpaka saa ya chakula juu ya waigizaji wa filamu. Swali hilo ni la haki. Chuo hakikuwekwa hapa Kilosa ili watu wazima wapoteze vipindi kwa kuzungumza habari za mastaa. Tunaona ni wajibu wetu kujibu kwa maandishi, na katika kujibu hatutaficha kwamba zoezi lenyewe, lilipoanza, lilitushinda.

Zoezi ni hili. Mwanachuo huambiwa kwamba kuna filamu itakayotengenezwa juu ya tukio fulani la historia. Filamu hiyo haipo wala haitakuwapo, kwa hiyo fedha si kikwazo: mwigizaji yeyote duniani aweza kuitwa, hata aliyekwisha kufariki. Kazi ya mwanachuo ni kumchagulia kila mhusika mtu wa kumwigiza na kueleza sababu. Tukio tulilolichagua ni la hapa hapa kwetu. Tarehe 29 Novemba 1884, pale Msowero, Mangungo aliweka alama yake chini ya karatasi aliyoletewa na Mjerumani Carl Peters.

Hakuna mwanachuo asiyelijua tukio hilo, na huko kulijua ndiko kunakotia ugumu. Analijua kama watu wajuavyo methali. Tangu shule ya msingi amesikia kwamba Mangungo aliitoa nchi kwa zawadi zisizo na maana, na akishakuwa mtu mzima hulisikia jina hilo magazetini, na hata Bungeni, kila mkataba mbaya unapozungumzwa. Jambo likishageuka methali halifikiriwi tena, husemwa tu. Mwalimu akiuliza athari za mkataba wa Msowero hupata hoja tano zilizopangwa vizuri, zote kutoka katika daftari moja.

Mwaka wa kwanza wa zoezi tuliwaachia wanachuo wachague wapendavyo. Matokeo yake yalikuwa aibu yetu. Peters alipewa Arnold Schwarzenegger, kwa sababu tu anazungumza Kijerumani na ana kifua kipana. Mashujaa walipewa vijana wenye sura nzuri. Kipindi kizima kilikwisha kwa vicheko, na mwanachuo mmoja akatuuliza kwa adabu kama swali hilo lingekuja katika mtihani. Tulirudi ofisini tukikiri kwamba tuliwapa mchezo bila kuwapa kazi.

Mwaka uliofuata tuliweka sharti moja tu. Kila jina linalotajwa lazima lifuatane na sentensi moja ya ushahidi, ama kutoka katika maneno ya mkataba wenyewe, ambayo tuliyaandika kwa Kiswahili katika bango kubwa ukutani, ama kutoka katika kitabu kilichomo maktabani. Asiye na sentensi hana mwigizaji. Sharti hilo dogo liligeuza kila kitu.

Schwarzenegger alianguka siku ya kwanza. Mwanachuo mmoja alikwenda maktabani akarudi na tarehe: Peters alizaliwa Septemba 1856. Basi siku ile ya Msowero alikuwa na umri wa miaka 28. Darasa lilinyamaza kidogo, kwa maana wengi mle ndani wako karibu na umri huo. Tuliyezoea kumwona kama mzee wa dola alikuwa kijana mwenye miwani, aliyekuwa bado hana idhini ya serikali yake, akitembea na wenzake wachache Usagara, Unguu, Uzigua na Ukami kukusanya alama za machifu kwa jina la chama kilichoanzishwa mwaka ule ule. Mkutano wa Berlin ulikuwa umefunguliwa wiki mbili tu kabla, tarehe 15 Novemba. Ulifungwa tarehe 26 Februari 1885, na kesho yake Kaisari akatoa hati ya kuzilinda nchi zile. Wanachuo waliozikariri tarehe hizi tangu kidato cha pili walikiri kwamba hawakuwahi kuziweka pamoja juu ya meza moja, wakaona jinsi kijana yule alivyokuwa akishindana na kalenda.

Lakini ubishi mkubwa ulikuwa juu ya Mangungo mwenyewe. Kundi moja lilimtaja marehemu Amri Athumani, yaani King Majuto, aliyefariki mwaka 2018. Darasa liliangua kicheko na kupiga makofi. Tunampenda King Majuto kama Mtanzania mwingine yeyote, na hatuna shaka kwamba angeweza kulia machozi mbele ya kamera kama alivyoweza kuchekesha. Hata hivyo kundi lile halikumchagua kwa machozi. Lilimchagua kwa sababu lilikwisha kuamua kwamba Mangungo ni wa kuchekwa. Tulipowauliza sentensi yao ya ushahidi iko wapi, hawakuwa nayo.

Wakati wa kicheko kile tulimwona mwanachuo mmoja aliyeketi nyuma akiwa ameinamisha kichwa. Tulimwacha mpaka wenzake walipotulia, ndipo akanyosha mkono. Alisema, "Mkufunzi, mimi ni mtu wa Msowero. Sisi jina hilo tunataniwa nalo kila tuendako. Hata nilipofika hapa chuoni, wiki ya kwanza niliambiwa nisitie sahihi kitu chochote bila kusimamiwa." Watu walicheka tena, safari hii kwa haya. Kisha akasema kwamba yeye angemchagua Ahmed Olotu, ajulikanaye kama Mzee Chilo, mtu ambaye akikaa kitini peke yake huonekana ana watu nyuma yake. Na sentensi yake alikuwa nayo: bango lilisema kwamba mkataba ni wa urafiki wa milele. "Mtu akija kwako na urafiki," alisema, "humpokei kwa ujinga. Unampokea kwa heshima."

Tangu siku ile hatukuhitaji kuwahimiza. Wanachuo waliona wenyewe kwamba kumchagua mwigizaji ni kutoa hukumu, na kwamba hukumu ile walikuwa wameipokea kwa watu wengine bila kuichungulia ndani. Peters ameacha vitabu na picha. Mangungo katika karatasi ile ameacha alama tu. Mwenye kumwigiza hana budi kuijaza alama hiyo kwa kitu, na darasa zima likawa linauliza: kwa kitu gani?

Mwanachuo wa kike, mwenyeji wa upande wa Wakaguru, aliuliza kwa nini filamu yetu nzima haina mwanamke. Tulijibu, kwa haraka ambayo tunaijutia, kwamba mkataba haukumtaja. Alitukumbusha kwamba kwa Wakaguru, Wasagara na Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na ardhi ni ya ukoo. Kama ni hivyo, aliuliza, mwanamume mmoja angewezaje kutoa ardhi yote kwa alama yake peke yake? Alimtaka Profesa Amandina Lihamba, aliyeigiza katika filamu ya Maangamizi ya mwaka 2001, awe dada wa chifu, asimame mlangoni mwa nyumba bila kusema neno, akitazama karatasi inavyokunjwa. Hatukumbuki hoja ya mtihani iliyowahi kutufundisha sisi wenyewe kama swali hilo. Kama Mangungo hakuwa na uwezo wa kutoa alichoandikiwa kwamba ametoa, basi methali yetu ya taifa ina kasoro tangu msingi, kwani mtu hauzi kisichokuwa chake.

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, baadhi ya wanachuo hao walipangiwa shule za Mikumi, wakalipeleka zoezi hilo katika kidato cha pili. Tuliketi nyuma ya darasa moja tukiandika. Mikumi ni mji wa barabara kuu: malori ya Zambia yanapita mlangoni, na hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964 huleta wageni wa kila lugha. Wanafunzi wale hawakumgombania Mangungo wala Peters. Waligombania nafasi ya Ramazan.

Yamkini msomaji amemsahau Ramazan, kama sisi tulivyomsahau. Ni mkalimani, na jina lake limo katika mkataba. Mwanafunzi mmoja, ambaye kaka yake huwatembeza wageni, alisimama akasema kwamba mkalimani ndiye bwana wa mazungumzo, kwa sababu pande zote mbili humwamini yeye na hakuna anayeweza kumkagua. Mwingine alitoa mfano wa mabanda ya video, ambako filamu za kigeni zilikuwa zikifasiriwa kwa sauti na watu kama Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu: watazamaji walicheka aliposema wacheke, hata pale ambapo Mmarekani katika picha hakusema la kuchekesha. Karatasi ilikuwa ya Kijerumani. Mangungo hakutia alama yake juu ya Kijerumani, alitia juu ya maneno ya Ramazan. Darasa lilimpa nafasi hiyo marehemu Steven Kanumba, aliyeigiza pamoja na Wanigeria katika filamu za lugha mbili na akaonekana yuko nyumbani kote kuwili. Alifariki mwaka 2012 akiwa na miaka 28, umri ule ule wa Peters siku ya Msowero. Mwalimu mwanafunzi aliyekuwa akifundisha hakulijua hilo, ni watoto waliolihesabu ubaoni.

Hapo ndipo tulipoona kwamba zoezi letu limefika mahali ambapo ilitupasa kuwaambia jambo tulilokuwa tumeliweka akiba. Filamu ya Carl Peters ipo. Ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1941, wakati wa utawala wa Hitler, ikiongozwa na Herbert Selpin. Peters, ambaye serikali yake yenyewe ilimfukuza kazi mwaka 1897 kwa sababu ya kuwanyonga Waafrika huko Kilimanjaro, alifanywa shujaa, na aliyemwigiza ni Hans Albers, nyota mpendwa wa Wajerumani, aliyekuwa karibu kutimiza miaka 50. Uchaguzi ulikuwa umekwisha kufanyika, na waliochagua si sisi.

Ramazan aliigizwa na mtu wa Dar es Salaam. Aliitwa Mahjub bin Adam Mohamed, naye huko alijulikana kama Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa mwaka 1904, akatumikia jeshi la Wajerumani angali mtoto katika Vita Kuu ya Kwanza, akafika Berlin mwaka 1929. Alikuwa mhudumu katika mahali pa starehe, na tena alikuwa msaidizi wa kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu: yaani mwenzetu, mwalimu wa cheo cha chini, ambaye wanafunzi wake walijifunza lugha kutoka kinywani mwake huku cheo cha ualimu kikikaa kwa wengine. Aliigiza katika filamu zaidi ya 20, aghalabu katika nafasi za mtumishi. Ramazan ilikuwa nafasi yake ya mwisho. Mwaka ule ule wa 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke Mjerumani, akapelekwa katika kambi ya Sachsenhausen, akafia huko tarehe 24 Novemba 1944.

Wanafunzi wa kidato cha pili waliisikiliza habari hiyo bila kelele, na nje malori yalikuwa yakipita. Kisha aliyekuwa ametetea nafasi ya mkalimani akauliza kama Husen alikuwa na hiari ya kuikataa nafasi ile. Mwalimu mwanafunzi alitugeukia. Sisi tulimwashiria aliulize darasa.

Baadhi ya wenzetu wanasema zoezi linakula vipindi vitatu vya mada ambayo muhtasari umeipa vipindi viwili. Ni kweli, tumehesabu. Wanasema pia kwamba katika darasa la wanafunzi 80 haliwezekani; hilo si kweli, kwa maana Mikumi walikuwa wengi hivyo, wakagawanywa katika makundi ya wahusika, kila kundi na mhusika wake. Hoja iliyo nzito zaidi ni kwamba watoto wa vijijini hawawajui waigizaji. Tunaomba mwenye hoja hiyo aingie darasa lolote la wilaya hii awataje watatu tu, aone nani anamjua nani. Na wasipowajua, wamchague mtu wa kijijini mwao, mradi watoe sentensi. Shule moja ilimpa Peters karani wa mnada, na sababu zilizotolewa zilikuwa nzuri kuliko nyingi za chuoni kwetu.

Kuna jambo moja hatujalipatia ufumbuzi. Mwanachuo wetu wa Msowero alipomaliza mafunzo alituachia karatasi yenye orodha yake ya mwisho. Mangungo ni Mzee Chilo, kama mwanzo. Dada yake ni Profesa Lihamba. Peters aliachwa wazi, kwa maelezo kwamba atafutwe kijana yeyote mwenye miwani ambaye hajulikani na mtu. Na katika nafasi ya Ramazan, alikuwa amekata jina la Kanumba kwa mstari mmoja, akaandika Husen. Sentensi ya ushahidi hakuiandika. Kwa sharti letu wenyewe tulipaswa kumkata alama, na karatasi ile ingali juu ya meza yetu bila kusahihishwa.