Kikulacho Ki Kompyutani Mwako

Siku hizi kuingia nyumba ya Mishomoroni, Mtongwe au Magongo na kukuta kompyuta mezani si ajabu tena. Tangu nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilipofika pwani ya Mombasa mwaka wa 2009, intaneti imeacha kuwa kitu cha maofisini tu. Kijana hufanyia kazi ya chuo, mama huandikia hesabu za duka, na baba hujazia taarifa ya kodi kabla ya Juni 30. La kusikitisha ni kwamba kompyuta hiyo, inayobeba siri za nyumba nzima, mara nyingi haina ulinzi.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Programu za upelelezi ndivyo zilivyo. Hazivunji kitu wala hazipigi kelele. Hujificha ndani ya mchezo wa bure au programu ya wizi, zikanakili kila herufi inayobonyezwa, na kulipeleka neno la siri la benki kwa mtu usiyemjua.

Wengi hujibu kwamba wao wana kinga. Vyema, lakini ni kinga ya lini? Programu ya kinga ni kama bawabu aliyepewa picha za wezi. Kinga za kisasa hutazama pia mwenendo wa mgeni, lakini bado hutegemea sana picha hizo. Na wezi wapya huzaliwa kila siku. Bawabu mwenye picha za mwaka juzi humfungulia mlango mwizi wa leo. Sisi watu wa pwani twajua kwamba jahazi halikalafatiwi mara moja likasahauliwa.

Mnamo Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga kompyuta katika nchi nyingi, hata hospitali za Uingereza zikalazimika kurudisha wagonjwa. Dawa ya kuziba tundu kilimopitia ilikuwa imetolewa na Microsoft tangu Machi mwaka huo. Wengi wa walioumia walikuwa hawajaitumia.

Najua pingamizi lililopo: data ni ghali, na kifurushi cha mwananchi hakistahimili. Hoja hii si ya kudharauliwa. Ndiyo maana baadhi ya mafundi wetu huzima kabisa usasishaji, na mteja hushukuru. Lakini kinachomeza data ni masasisho makubwa ya mfumo mzima. Picha za wezi ni mzigo mdogo. Hizo ziachwe ziingie kila siku. Yale makubwa yangojee siku kompyuta itakapopelekwa kwa jamaa mwenye intaneti ya waya, bali yasingojee mwaka.

Aidha, rahisi inavunja upishi. Windows ya kunakiliwa huonekana nafuu, lakini hakuna ajuaye kilichopachikwa ndani yake. Tena kinga si lazima inunuliwe: tangu Windows 8 ya mwaka wa 2012, Microsoft imeiweka ndani ya mfumo wenyewe bila malipo. Yafaa pia ikumbukwe kwamba huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma Oktoba 14, 2025. Mwenye mashine kuukuu isiyoweza kubeba toleo jipya aulize habari za Linux, ambayo ni ya bure.

Kenya inayo sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka wa 2018 na ile ya kulinda data ya mwaka wa 2019. Ni sheria njema, lakini humwandama mwizi baada ya wizi. Komeo la nyumba ni juu ya mwenye nyumba. Basi kompyuta inapotoka kwa fundi, Kisauni au Likoni, asiulizwe bei peke yake. Aulizwe pia: kinga umeiacha ikijisasisha, au umeizima?