Mtambo wa Nne Si Anasa

Hapana ubishi kwamba sehemu kubwa ya kazi za umma sasa imo ndani ya kompyuta. Mishahara, matokeo ya mitihani, hati za viwanja na majalada ya watumishi, vyote vinahifadhiwa humo. Kwa hiyo utunzaji wa mitambo hiyo haumhusu fundi peke yake. Unamhusu pia mwalimu anayesubiri kupandishwa daraja, na mhasibu anayetia saini hati za malipo.

Hapo zamani mitambo ya kuendeshea programu ilikuwa mbali na ghala la kuhifadhia data, na kila upande ulikuwa na mafundi wake. Katika miaka ya 2010 ukaenea mfumo mwingine. Kampuni ya Nutanix, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2009, ilikuwa miongoni mwa walioueneza. Mwaka 2014 VMware nayo ikatoa vSAN. Katika mfumo huu, ambao kwa kukosa jina bora tuuite mfumo unganifu, kila mtambo hufanya kazi zote mbili: huendesha programu, na diski zake huchangia ghala moja la wote. Kila data huandikwa katika mitambo zaidi ya mmoja. Mmoja ukifa, iliyobaki huendelea na kazi, na huenda mwenye kuutumia asitambue lolote.

Ni mfumo mzuri. Ila wenye kushika mafungu ya fedha wakishaambiwa kwamba mitambo mitatu inatosha kuanzia, hununua mitatu, huijaza hadi ukingoni, na kuhesabu kwamba wamebana matumizi.

Hebu tuhesabu sawasawa. Tuchukue Ceph, programu ya ghala isiyouzwa, iliyotokana na utafiti wa Sage Weil katika Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz. Isipoamriwa vinginevyo, huweka nakala 3 za kila data, na hukataa kuiandikia data iliyobakiwa na nakala chini ya 2. Ofisi yenye mitambo mitatu ina nakala moja katika kila mtambo. Siku ya kuweka toleo jipya, fundi huzima mtambo mmoja. Zinabaki nakala 2. Saa hiyo hiyo diski ikifa katika mtambo mwingine, data zilizokuwamo hubakiwa na nakala moja tu, na kazi inayozitegemea husimama. Nakala ya mtambo uliozimwa haina mahali pengine pa kwenda, kwa kuwa mtambo wa nne haupo. Nalo ghala halivumilii kujazwa: diski ikifika asilimia 85 onyo hutolewa, na ikifika asilimia 95 uandikaji hukoma.

Mafundi wanayajua haya, ndiyo maana huogopa kuweka matoleo mapya. Mwaka hupita, na wa pili, matundu ya usalama yakiwa wazi, hata ikabidi kuruka matoleo kadhaa kwa pupa. Likitokea la kutokea, fundi huitwa mzembe. Kwa maoni yangu, mzembe ni yule aliyeufuta mtambo wa nne katika makadirio. Ukiwapo, nayo diski zikiwa na nafasi, mitambo hushughulikiwa kwa zamu: mmoja hutolewa, hurekebishwa, hurudishwa, ghala hungojewa mpaka litengemae, ndipo wa pili hufuata.

Hata hivyo mtambo wa nne hauchukui nafasi ya nakala rudufu iliyowekwa mbali. Nakala tatu za ghala moja hutii amri moja. Faili ikifutwa, hufutwa kotekote. Mwezi Desemba 2021, katika Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, programu ndogo ya kufuta kumbukumbu za zamani ilibadilishwa huku ile ya awali ikiwa bado inafanya kazi. Ikafuta terabaiti 77, faili zipatazo milioni 34. Kampuni iliyouza mtambo ilikiri kosa, lakini kazi za vikundi vinne vya watafiti hazikuweza kurejeshwa.

Msiba wa Korea Kusini unatugusa zaidi sisi watu wa maofisini. Huko watumishi wa serikali walikuwa wamehimizwa kuhifadhi kazi zao katika ghala la pamoja badala ya kompyuta zao. Tarehe 26 Septemba 2025 kituo cha data cha serikali mjini Daejeon kikaungua, na terabaiti 858 za ghala hilo zikateketea. Nakala ya nje haikuwapo. Ilielezwa kwamba ghala lilikuwa kubwa mno. Kazi za miaka ya watumishi wapatao 125,000 zilihusika.

Makadirio yajayo yatakapoandaliwa, mkuu wa idara amwite fundi wake amwulize: mtambo mmoja ukizimwa leo mchana, mwingine ukafa, tutakuwa katika hali gani? Na ni lini mara ya mwisho tuliporejesha jalada kutoka nakala ya nje na likafunguka? Swali la pili lijibiwe kwa tarehe.