Kabla ya linki, tafuta mnunuzi

JICHO LA JUBA
Na Joseph Wani

Vijana wa Thongpiny, mtaa wetu hapa Juba, huniuliza swali moja kwa njia nyingi: hii kazi ya afilieti inalipa kweli, au tunamaliza bando bure? Jibu langu ni kwamba inalipa. Lakini humlipa mtu ambaye tayari ana watu wanaomwamini na wenye namna ya kununua. Wengi wanaoniuliza bado hawana watu hao, na hakuna linki itakayowaletea.

Swali lenyewe limekuja wakati wa dhiki. Bomba la mafuta yetu lilipasuka upande wa Sudan mwanzoni mwa 2024, serikali ikakosa mapato, watumishi wa umma wakakaa miezi bila mshahara huku pauni ikiporomoka. Katika nyumba ya namna hiyo, kijana akiambiwa kwamba simu yake inaweza kuleta dola, atasikiliza. Silaumu anayesikiliza. Nataka tu ajue anaambiwa nini.

Kazi yenyewe ni nyepesi kueleza. Muuzaji anakupa linki yenye alama yako, wewe unaiweka mahali watu wanapoiona, mtu anaibonyeza na kununua, na muuzaji anakukatia asilimia. Ni udalali, na hapa Thongpiny hatuhitaji mwalimu wa udalali. Baada ya mkataba wa amani wa 2005, na zaidi baada ya uhuru wa 2011, mashirika na makampuni yalikuja kutafuta nyumba zenye uzio karibu na uwanja wa ndege. Wenye nyumba walitaka dola. Katikati alisimama dalali asiye na nyumba wala dola, anayejua geti gani ni la nani na neno la nani linashika, naye akala kamisheni yake halali.

Mtandaoni udalali huu una umri mkubwa kuliko vijana wanaouita mpya. Mwaka 1989 Mmarekani William J. Tobin alianza kuuza maua kupitia mtandao wa Prodigy, akiwalipa wenye mtandao asilimia ya mauzo. Amazon ikafungua mpango wake mwaka 1996, na ndio uliofundisha dunia nzima. Lakini dalali wa nyumba akipunjwa, anaweza kwenda kubishana getini. Aprili 2020, Amazon ilishusha kamisheni ya fanicha kutoka asilimia 8 hadi 3, na ya vyakula vya dukani kutoka 5 hadi 1. Ilitoa tangazo tu. Waliokuwa wamejenga maisha yao juu ya ile 8 hawakuwa na geti la kugonga.

Tupige hesabu. Tuseme unauza kitu cha dola 50 kwa kamisheni ya asilimia 3: unapata dola moja na senti hamsini. Ili ufikishe dola 100, watu 67 wanunue. Na ikiwa katika kila mia wanaobonyeza wananunua wawili, unahitaji watu zaidi ya 3,300 wabonyeze. Kijana mwenye marafiki mia nne Facebook, nusu yao wakiwa shule na nusu wakisubiri mshahara, atawatoa wapi?

Hata wakipatikana, wanunue nini na kifike vipi? Jumia, duka kubwa la mtandaoni la Afrika, halikufika kwetu, na Tanzania lilifunga Novemba 2019. Bidhaa za Juba zinapanda malori kupitia mpaka wa Nimule au zinashuka na ndege. Tuna huduma ya pesa kwa simu, m-Gurush, tangu 2019, na MTN nao wana MoMo yao. Ni hatua kubwa kwa mji uliozoea kubeba noti kwa mfuko. Ila kampuni ya Marekani inayolipa kwa benki yake haikutumii kamisheni m-Gurush. Linki ya friji kutoka duka lisilofikisha mzigo Juba haina kazi Juba.

Mnunuzi mwenye kadi yupo, ila yuko Omaha, Melbourne na Calgary. Ndugu zetu waliotawanywa na vita wana watoto waliozaliwa huko, na wanatafuta kwa shauku kila kinachowakumbusha nyumbani. Dada anayeonyesha jinsi ya kupika kisra, au kijana anayewafundisha watoto hao Kiarabu cha Juba, watazamaji wake wana kadi mfukoni na duka linalofikisha mzigo mlangoni. Huyo ana sababu ya kutaja sufuria, blenda au kitabu, na anayemsikiliza ana sababu ya kuamini. Kwa mtu kama huyo nasema bila kusita: jaribu.

Ajaribu akijua masharti. Mpango wa Amazon wa Marekani, wa Canada na wa Australia ni mipango mitatu tofauti. Linki ya mmoja haikuingizii kitu kwa mwingine ambao hujajiunga nao. Ukijiunga na wa Marekani, una siku 180 za kupata mauzo matatu, la sivyo akaunti inafungwa. Mtu akibonyeza linki yako, kwa kawaida una saa 24 tu za kuhesabiwa alichoweka kwenye kikapu. Linki inatakiwa kuwa mahali palipo wazi kwa umma. Pesa inakuja kama miezi miwili baada ya mwezi wa mauzo kuisha. Na huruhusiwi kutumia linki yako kujinunulia mwenyewe, wala kununua vitu vya kutumiwa na ndugu na marafiki zako. Sharti hilo linatugusa sisi hasa, kwa sababu mtu wa Juba akianza biashara, wateja wake wa kwanza ni binamu. Tena sheria za Marekani, tangu miongozo ya 2009, zinataka useme wazi kwamba unalipwa. Hilo mimi naliunga mkono kwa moyo wote: mama aliyeko Omaha ana haki ya kujua kwamba sifa za ile blenda zina malipo.

Kuna hatari nyingine ambayo haikutoka nje. Januari 2025, baada ya video za mauaji ya watu wetu huko Wad Madani, Sudan, kusambaa, mamlaka ya mawasiliano iliamuru Facebook na TikTok zifungwe hadi siku 90. Amri ilitenguliwa ndani ya wiki, lakini aliyekuwa na duka lake lote TikTok aliona duka likizimwa bila kuulizwa. Anayetaka kazi hii aandike pia majina na namba za wateja wake, kwa ridhaa yao.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Sehemu kubwa ya kinachoitwa afilieti katika mji huu si afilieti. Ni mtu anayekuambia ulipe kiingilio, uwalete wengine walipe, nawe upate sehemu ya walicholipa. Hakuna sufuria wala kitabu. Majirani zetu wamepita njia hii na kuumia. Tanzania walikuwa na DECI, upatu wa "kupanda na kuvuna" uliovunjwa mwaka 2009, na baadaye ikaja LBL, ambako watu walilipa ili walipwe kwa kutazama matangazo. Uganda, ofisi za Dunamiscoins zilifungwa Desemba 2019 na maelfu wakabaki mlangoni. Kenya, mwanzoni mwa 2022, programu iliyojiita Amazon Web Worker Africa ilitoweka na pesa za vijana waliodhani wanaifanyia kazi Amazon yenyewe. Dalali wa kweli hamlipi mwenye nyumba ili aruhusiwe kumletea mpangaji. Ukiombwa kiingilio, ondoka, hata anayekuomba akiwa mjomba wako.

Na mara nyingi ni mjomba. Kwetu mambo haya hayaji kwa tangazo la barabarani; yanaingia kupitia kundi la kwaya, kundi la watu wa kijiji kimoja, kundi la waliosoma pamoja katika kambi za wakimbizi za Kakuma au Bidi Bidi. Watu ambao miaka yote wamechangiana pesa za mazishi na za hospitali bila risiti. Aliyewaleta ishirini kwenye upatu, siku ukivunjika, hawezi tena kusimama msibani akaomba mchango. Pesa huenda zikapatikana tena mwaka wa neema. Kundi lile halitaaminiana tena, na mgonjwa wa kwanza baada ya hapo atakosa nauli ya hospitali.

Kampuni za kamari zina mipango ya afilieti pia, na hizi zinalipa kweli, ndiyo maana nazitaja peke yazo. Mipango mingi inakupa asilimia ya kile kampuni inachobaki nacho kutoka kwa mtu uliyemleta, yaani kile alichopoteza. Kadiri rafiki yako anavyoliwa, ndivyo unavyopata. Nawaomba vijana waikatae pesa hiyo, na nawaomba wanaowasifia wenye "promo code" za kamari hizo waulize kwanza hizo dola zimetoka mfuko wa nani.

Kuna kamisheni iliyo karibu zaidi, na hiyo ndiyo ningependa kuiona ikikua. Hoteli za Thongpiny zinatafuta wageni kila siku. Mawakala wanauza tiketi za Entebbe na Nairobi. Wafanyabiashara wa Kampala wanauza paneli za sola na vipuri vya bodaboda kwa wateja wa Juba kupitia WhatsApp, na katikati wanakosa mtu anayeaminika pande zote mbili. Kijana aliyekulia Uganda au Kenya, anayesema Kiswahili na muuzaji na Kiarabu cha Juba na mnunuzi, ana mtaji ambao hakuna kozi ya mtandaoni inayouuza. Hapa mnunuzi yupo, mzigo una njia ya kufika, na malipo yanaweza kupita m-Gurush.

Kinachokosekana ni maandishi. Leo kamisheni hizi zinaahidiwa kwa mdomo, na mgeni akishalipa chumba, aliyemleta anaambiwa arudi wiki ijayo. Nazisihi hoteli na maduka ya hapa yampe kila anayewaletea wateja namba yake, yaandike asilimia kwenye karatasi yenye muhuri, na yalipe ndani ya siku saba. Kwa hoteli ya vyumba thelathini, hilo linahitaji daftari moja na mhasibu mmoja. Na kijana anayesoma haya, asijiunge na chochote wiki hii kabla hajaingia katika hoteli moja na kuuliza kwa adabu: nikikuletea mgeni, utanilipa ngapi, lini, na utaniandikia?